Kibati cha Njano cha Marehemu Benjamini

Mlango ulianguka, msomaji, kama nilivyokwambia utaanguka.

Wiki iliyopita tuliuacha unaning'inia kwa bawaba moja. Leo umelala sakafuni, na juu yake amesimama Mabula, mwenye karasha la kusagia mawe hapo jirani. Nyuma yake ni nusu ya kitongoji.

"Shikeni kila kitu!" alipaza sauti. "Nilisema mimi! Nilisema huyu karani anasaga dhahabu sebuleni!"

Pantaleo, karani wa ghala la pamba hapa Ushirombo, akainua mikono juu. Mkono mmoja ulikuwa na brashi ya viatu anayofagilia mashine yake. Hiyo brashi ndiyo iliyommaliza. Ilikuwa imejaa vumbi la njano, na vumbi lenyewe linang'aa.

Kwa waliofungia maandazi gazeti la wiki iliyopita kabla hawajalisoma, nawakumbusha upesi.

Pantaleo ana ugonjwa, wala si malaria. Aliona kwenye simu mashine ndogo ya kuchonga, inayotembea yenyewe kwa kuamrishwa na kompyuta. Wagonjwa wenzake huiita CNC, na wana kundi lao la kufarijiana. Akaiagiza. Ikaja vipande vipande ndani ya boksi, akaifunga sebuleni kwa kufuata picha. Kazi ya kwanza alichonga jina la mkewe, likatoka kinyumenyume. Kazi ya pili mashine ikazama, ikapita ubao, ikatoboa meza ya wageni.

Mkewe, Scolastika, muuza vitenge, alivumilia. Tangu siku ile wageni hupewa chai mkononi.

Halafu mama yake Scolastika, Bi Martina, akapiga simu kutoka Chato anakokaa kwa mwanawe. Rangi ya jina kwenye msalaba wa mumewe imeoshwa na mvua tena. Macho yake mwenyewe yamekwisha. "Nataka jina la kushika kwa vidole," alisema. "La kuandikwa kwa rangi sitalisoma tena."

Pantaleo akaruka kama aliyeitwa jina lake redioni. Akatafuta kibati cha shaba ya njano mpaka akakipata kwa wauza vyuma chakavu Mwanza. Kimoja tu, hakuna kingine. Na leo hii ndiyo siku ya kusimika msalaba mpya. Bi Martina yuko njiani na basi. Mashine ilikuwa imeshachonga BENJA, imesimamishwa ifagiliwe, imebakiza MINI, mlango ukaanguka.

Sasa tuendelee.

"Ni shaba," Pantaleo akasema. "Jamani, shaba ya njano. Kama ya koki ya bomba."

Watu wakacheka.

"Naapa!"

Hapo ndipo alipoharibu. Katika nchi yetu hii, toka Buzwagi mpaka Geita, asiye na kitu ndiye anayesema anacho. Mwenye nacho husema hana. Mwenye nacho kingi huapa.

"Kaapa," mtu akanong'ona kwa heshima. "Basi ni nyingi."

Ngusa, kamanda wa sungusungu, akapita katikati ya watu na filimbi yake shingoni. Ni mzee mwenye kupenda haki, hasa haki inayoishia kwenye nyama.

"Tulieni," akasema. "Hapa hakuna kugombania. Vumbi lioshwe mbele ya wote. Likiwa dhahabu, huyu bwana amechenjua bila kitongoji kujua. Faini yake ni dume la ng'ombe, na mashine tunaibeba leo hii. Lisipokuwa dhahabu, Mabula atanunua mlango."

Scolastika akashika kiuno. "Kamanda, mashine ikibebwa jina la baba yangu litabaki nusu! Mama anakuja kulishika leo!"

"Mayu, mama yangu, kwani mimi ndiye niliyechagua kuchongea ndani ya nyumba?"

Pantaleo, wewe ungemtegemea alie. Alifurahi. Akamvuta mkewe pembeni.

"Waache waoshe! Shaba haiwezi kugeuka dhahabu. Wataona wenyewe, watatuomba radhi."

"Una hakika?"

"Ni sayansi, mke wangu."

Mabula hakusubiri sayansi. Alishanyakua ufagio, yuko magotini, anafagia chini ya mashine. Kichwa cha mashine kikawa kinamzuia. Akakisukuma pembeni kwa bega, kama unavyomsukuma mbuzi aliyelala mlangoni.

Pantaleo akapiga yowe ambalo hakulipiga hata mlango ulipoanguka.

"Sifuri! Amenitoa kwenye sifuri!"

"Anaita mizimu ya kwao," mtu akasema, na watu wa mbele wakarudi nyuma kidogo.

Wala hakuita mizimu, msomaji. Mashine hii ni kama kipofu uliyemshika mkono ukamwonyesha mlango. Kutoka hapo mlangoni anahesabu hatua zake zote, na hakosei. Lakini ukimbeba ukamweka pengine bila kumwambia, ataendelea kuhesabu vilevile mpaka aingie kisimani. Pale mlangoni ndipo wanapopaita sifuri. Mabula ameshamhamisha kipofu. Ikiwashwa sasa, MINI itachongwa juu ya BENJA, na kibati ndiyo basi.

Scolastika akakifunika kibati kwa kanga hapohapo kilipobanwa, akasimama mbele yake. "Atakayekigusa hiki," akasema, "tutazikana."

Hakuna aliyekigusa. Wakati huo hakuna hata aliyekitazama. Wote walikuwa na vumbi lao.

Karai likaletwa uani. Aliyeshika karai ni Bhoke, mwosha mchanga wa Mabula, mama mwenye mikono mikubwa na mdomo mkubwa zaidi.

"Baba Mageni," akamwita Mabula, "leo tunaosha nyumba za watu? Kesho tutaosha makanisa?"

"Osha, acha maneno."

Bhoke akaosha. Akatikisa karai, akamwaga maji machafu, akatikisa tena. Vumbi la njano likajikusanya chini, limetulia, linameremeta. Akadondoshea zebaki, akasugua kwa kiganja.

Watu wakasogea mpaka wakakanyagana.

Pantaleo alikuwa anatabasamu. Maskini. Zebaki huikamata dhahabu, kila mtu anajua. Ambalo Pantaleo hakulijua, wala Bhoke, wala kamanda, ni kwamba hata shaba iliyotoka kukatwa muda huohuo, ingali safi, zebaki huikumbatia vilevile.

"Imeshika!" Bhoke akapiga kelele. "Mama yangu, imeshika!"

Vigelegele vikapasuka. Mtu akatupa kofia juu. Ngusa akalamba midomo kama aliyeliona lile dume limeshachunwa.

Tabasamu la Pantaleo likabaki usoni, halina mwenyewe. Nisikufiche, msomaji: kwa muda mfupi hata yeye alijiuliza kama kweli hajawa tajiri.

"Sayansi yako hiyo," Scolastika akamwambia.

"Basi mambo yamekwisha," Ngusa akasema. "Dume la ng'ombe. Mashine ibebwe. Na dhahabu iende ofisini, igawiwe kitongoji kizima."

"Igawiwe?" Mabula akauliza.

"Kitongoji kizima."

Mabula akawatazama watu waliojaa uani. Akalitazama karai. Akawatazama tena watu. Uso wake ukabadilikabadilika kama anga la masika.

"Kamanda," akasema, "hii ni shaba."

Ngusa akamkazia macho.

"Si wewe uliyesema dhahabu?"

"Nilikuwa sijavaa miwani."

"Wewe huna miwani."

"Ndiyo maana."

Bhoke akaingilia. "Baba Mageni, zebaki imeshika! Mimi nimeshaosha miaka, leo unifundishe?"

"Zebaki hiyo mbovu."

"Ni ya kwako!"

"Ndiyo nakwambia. Nani anaijua kuliko mimi?"

Hivyo ndivyo ukweli ulivyopata mtetezi. Mtu pekee kati ya wote aliyesema vumbi lile ni shaba, zaidi ya Pantaleo mwenyewe, ndiye aliyekuwa na hakika kabisa kwamba ni dhahabu.

Ngusa hakupenda. Lakini mshitaki amefuta mashitaka mwenyewe, tena mbele ya watu, na sungusungu wana utaratibu. Akapuliza filimbi kwa hasira. "Ni shaba! Mabula, mlango!" Akaondoka, lakini hakwenda mbali. Akakaa kwenye kigoda cha muuza kahawa ng'ambo ya njia, anaangalia. Na watu nao hawakwenda mbali.

Mabula akamsogelea Scolastika, sauti imekuwa asali.

"Mayu, hilo vumbi lisikusumbue. Nitakutupia mimi."

"Ukalitupe wapi?"

"Mbali."

Scolastika akamwelewa. Angeweza kumlaghai, na asingekosa wa kumpigia makofi. Lakini ni mtoto wa Bi Martina.

"Baba Mageni, nisikilize, na Bhoke asikie. Vumbi hili ni la shaba. Halinunui hata kitunguu."

"Najua, mayu. Shaba." Akamkonyeza.

"Usinikonyeze. Nakwambia kweli."

"Na mimi nakubali kweli." Akakonyeza tena.

"Hutarudi hapa kunidai chochote?"

"Nitadaije kwenye shaba?"

"Haya, lichukue. Ila zima karasha lako mpaka tumalize kazi. Kila likiwaka umeme wetu unalegea, mashine inaganda katikati ya herufi."

Mabula akashituka. "Nizime karasha? Wateja wana mawe yao pale, wanasubiri!"

"Basi vumbi libaki."

Hajamaliza kusema, Mabula keshafika ukuta wa pili. Karasha likakohoa, likazimika. Kitongoji kizima kikasikia kuku wakiwika, watu wakatazamana kama wanaoamka usingizini.

Ndani, Pantaleo alikuwa ameketi mbele ya mashine, kichwa mikononi.

"Imekwisha, mke wangu. Sifuri imepotea. Kibati ni kimoja."

"Mpigie yule bingwa wenu."

Bingwa ni Magesa, wa Chato hukohuko, kiongozi wa lile kundi la wagonjwa. Hakuna swali asilolijibu. Akapokea papo hapo.

"Usihofu, mkuu! Jambo dogo hilo. Rudisha ncha ya kuchongea kwenye kona uliyoanzia, kona ya kibati, chini kushoto. Iambie kompyuta hapo ndipo sifuri. Halafu usichonge! Inua ncha, ipitishe hewani kwanza, ifuate herufi bila kugusa. Ikikaa sawa juu ya zile za mwanzo, ndipo ushushe."

"Wewe ilipokutokea ilikaa sawa?"

Magesa akakohoa kidogo.

"Mkuu," Magesa akasema, "ya kwangu bado iko bandarini."

Simu ya Scolastika nayo ikalia. Bi Martina: "Mwanangu, tumepita Runzewe!"

Pantaleo akarukia mashine. Akapeleka ncha konani, akabonyeza. "Hakuna muda wa kupita hewani. Naishusha."

"Pantaleo."

"Mama yuko Runzewe!"

"Na akifika akute nini? Ipite hewani."

Ikapita hewani. Ikaifuata B, ikaifuata E, taratibu. Scolastika kainama, jicho karibu na ncha kama anayetunga uzi. Ncha ilipita kando ya mfereji wa herufi, kwa unene wa ukucha.

"Hee!" Pantaleo jasho likamtoka. Angeishusha, jina la mkwewe lingekuwa na kivuli chake pembeni.

"Sogeza kidogo," Scolastika akasema. "Upande wangu. Kidogo. Umezidisha, rudi."

Hewani tena. Bado. Wakasogeza. Hewani tena. Safari hii ncha ikaelea katikati ya mfereji wa B, ikaenda nao, haikutoka.

Wakatazamana. Pantaleo akaishusha.

Mashine ikapita kwenye BENJA bila kelele, kwenye njia yake ya mwanzo. Kisha sauti ikabadilika, ikawa kali, na vumbi jipya la njano likaruka. M. I. Umeme haukulegea. N. Nje watu walikuwa wanasikiliza. I.

Ikanyamaza yenyewe.

Scolastika alikifungua kibati, akakiosha kwa limau na majivu, akakisugua na kukisugua kwa kitambaa. Alifanya kwa mapenzi. Angejua, angekipaka masizi. Kilipotoka kwenye kile kitambaa kiliwaka jua zima, na ng'ambo ya njia muuza kahawa akamwagia mteja kahawa magotini.

Bi Martina akaingia uani ameshikwa mkono na watu asiowajua.

"Shikamoo mama," Scolastika akasema, akampigia goti.

"Marahaba, mwanangu. Kiko wapi?"

Akakiweka mikononi mwake. Bibi akavua kilemba kwanza, kama anayeingia kanisani. Vidole vikaanza safari. Vikaipata B, vikakaa hapo. Vikaenda E. Vikaenda polepole mpaka mwisho, vikarudi mwanzo, vikaenda tena.

"Ndiye," akasema. "Ndiye mwenyewe."

Hata Bhoke akasogea kuchungulia.

Ingeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri. Lakini Bi Martina akainua uso, ameng'aa.

"Mwanangu, mimi leo nimeheshimiwa! Stendi kila mtu ananiamkia. Wamenibebea mizigo. Wananiambia mama, mkwe wako amemvika marehemu dhahabu!"

Pantaleo alikuwa amejibanza pembeni ya nyumba, anatazama chini. Mnajua mila. Mwanaume hamkaribii mama mkwe, hamtazami usoni, na kumbishia mbele za watu ni aibu isiyofutika.

"Yuko wapi mkwe wangu?" bibi akauliza, anaongea na upepo kama inavyotakiwa. "Mwambieni nimekishika mwenyewe. Ni kizito. Amemvika mume wangu dhahabu. Mwambieni nashukuru. Wabeja sana."

Watu wote wakamgeukia Pantaleo.

Yule aliyeapa tangu asubuhi kwamba ni shaba, sasa ndio wakati wa kusema. Akafungua mdomo. Akamwona mama mkwe amesimama, ameinama kushukuru. Akaufunga mdomo, akainamisha kichwa.

Kimya hicho kikamaliza kazi iliyoanzwa na zebaki.

"Mama, ni shaba!" Scolastika akasema kwa nguvu.

"Sawa, mwanangu," bibi akamnong'oneza, kwa mnong'ono wa watu wasiosikia vizuri, unaofika barabarani. "Tuseme shaba."

Nyuma ya umati mtu akauliza, taratibu, "Hivi kaburi lenyewe liko wapi?"

"Kwenye mji wao wa zamani," mwingine akajibu. "Porini kule. Siku hizi hakai mtu."

Scolastika akasikia. Waliishinda mashine, wakamshinda Mabula, wakaishinda sifuri. Sasa wanakwenda kukigongomelea kibati hiki juu ya baba yake, mahali pasipo na hata mbwa wa kubweka.

Lakini angesema nini? Pantaleo alishatangulia na bodaboda kukoroga zege. Kirikuu ya kukodi, kile kigari cha mizigo, imesimama, msalaba umelazwa nyuma. Bi Martina keshapanda huko nyuma na kibati mapajani, amekataa kiti cha mbele. "Siwezi kumwacha mzee peke yake," alisema. Scolastika itabidi akae mbele kumwelekeza dereva.

Ndipo Mabula akatokea. Amevaa koti jeusi. Macho mekundu. Mkononi ameshika moko, ule mtaimbo mfupi wa kuchimbia mwamba, ameufunga kwa kitambaa cheupe.

"Naja kumsindikiza mzee."

"Baba Mageni, kwani wewe baba yangu ulimjua?"

"Sikumjua, mayu. Ndiyo inayoniuma."

"Na moko?"

"Wa kuchimbia shimo la msalaba."

"Pantaleo amekwenda na jembe."

"Ardhi ya kule ngumu."

"Umejuaje ni ngumu?"

Bi Martina akaingilia kutoka nyuma. "Mwanangu, mwache apande. Siku kama hii mtu haambiwi arudi. Njoo baba, kaa hapa karibu yangu."

Kirikuu ikaondoka. Scolastika macho yote kwenye kioo cha pembeni. Anaona koti jeusi. Anaona kilemba cha mama. Wanazungumza. Mama anacheka.

Mbele ng'ombe wakaingia barabarani, kundi zima, hawana haraka na mtu. Dereva akafunga breki, akapiga honi, akamtukana mchungaji. Scolastika akamsaidia kutukana. Vumbi likafunika kila kitu.

Vumbi lilipotulia, akatazama kioo.

Koti jeusi halipo.

Akaruka chini, akakimbilia nyuma. Mama yake alikuwa ameketi palepale, anatabasamu, mikono mitupu mapajani.

"Mama! Kibati!"

"Kile? Nimempa yule kijana. Kaona hawa ng'ombe watatuchelewesha, kasimamisha pikipiki, katangulia. Kijana ana huruma huyo!" Bi Martina akajifunga kilemba vizuri. "Nikataka kumwelekeza njia ya kaburini, akasema hana haja."